Hita Inayovuja na Koti la Baba

Kazi yangu ni kuwashuku watu. Nimeajiriwa na kampuni ya bima katikati ya jiji, katika jengo ambalo lifti yake huja ikijisikia, na mezani kwangu hufika madai ya maji: tangi limepasuka, bomba limeachia, zulia la sebuleni limeoza. Mimi huangalia picha, nikasoma maelezo, kisha nikaamua kama maji yale yalimwagika yenyewe au yalimwagwa. Huwa sikosei sana. Nasema haya mapema ili ieleweke ni mtu wa namna gani aliyekaa na hita inayovuja nyumbani kwake majuma mengi bila kushuku kitu.

Tunaishi Kitisuru, na habari hiyo ikifika kijijini watu hudhani tumetajirika. Kitisuru ina majumba, na nyuma ya majumba kuna vijumba. Sisi tuko nyuma. Tuna sebule, vyumba viwili, miti mingi ambayo si yetu, na hita ya maji iliyofungwa juu ukutani, chini ya dari ya bafu. Mume wangu anafundisha jiografia. Anaweza kukueleza jinsi maji ya Ziwa Viktoria yanavyofika Misri, lakini ya bafuni humshinda.

Baba alikuja Nairobi kwa sababu ya macho. Daktari alikuwa amempa miadi, na safari hii hakuwa na mama wa kumfungia chakula cha njiani, kwa kuwa mama tulimzika mwaka uliotangulia. Tangu hapo aliishi peke yake. Nilipomtembelea wakati wa Pasaka nilikuta meko hayajawashwa, naye anakula viazi vitamu vilivyopoa, amevifunika kwa gazeti. Nililia chooni ili asinione. Kisha nikatoka nikamwambia wazi, "Baba, njoo ukae kwetu."

"Nikae kwa nani?" akaniuliza.

Hilo halikuwa swali. Kwetu magharibi mzazi halali kwa binti yake aliyeolewa. Anaweza kuja mchana, akanywa chai, akasifu mapazia, akaondoka jua likiwa bado juu. Akilala, watu watasema kwake kumemshinda, sasa anamlia mkwe wake chakula. Mume wangu naye alimpigia simu akamsihi aje akae. Baba akamshukuru sana, akamwombea baraka, akakataa. Zamani akija mjini alilala Kangemi kwa rafiki yake waliyefanya kazi pamoja, lakini rafiki huyo alikuwa ameshahama kurudi kwao. Kwa hiyo mpango ulikuwa daktari, chai kwetu, kisha kulala lojing'i ya mjini karibu na stendi ya mabasi.

Siku hiyo, akitoka kwa daktari, alikunywa chai akiwa amekaa kwenye ncha ya kochi, koti mwilini, mkoba magotini. Lile koti ni la kijivu, zito, la kuvaa hata kukiwa na joto. Sikuwa nimewahi kumwona bila koti mbele ya mkwe wake. Walikuwa wakizungumzia mvua, kwa adabu, kila mmoja akikubaliana na mwenzake kabla hajamaliza kusema. Mume wangu akaenda kunawa mikono, akarudi akasema, "Kuna maji yanadondoka kutoka juu."

Baba akainua kichwa. Maisha yake yote ya kazi aliendesha boila katika kiwanda cha sukari, mpaka kiwanda kikafungwa. Akauweka mkoba chini.

"Zimeni stima," akasema. Kisha akavua koti.

Ilikuwa hitilafu ya kweli, hilo nalithibitisha kitaalamu. Alipanda ngazi akalikausha tangi lote kwa kitambaa, halafu akaniomba unga wa ngano kwenye kisahani. Akaunyunyiza kwenye viungo vyote vya mabomba, kwenye nati, na chini ya kile kifuniko cha chuma kinachoshika koili ya kupashia maji. Tukangoja. Kila mahali unga ulibaki mkavu, ila chini ya kifuniko ulilowa ukawa kijidonge cha chapati. "Maji hukimbia," alisema, "yanaweza kutokea hapa yakadondokea kule. Unga hausemi uongo." Nilifikiria kuwashauri wakubwa wangu kazini wanunue unga.

Giza lilishaanza kuingia. Baba alitazama dirisha, akalitazama tangi, akasema mtu hawezi kuacha nyumba inavuja. Mtu akija kwa shida hiyo si ugeni, ni kazi. Akalala katika chumba cha pili, na asubuhi nikapita madukani Ngara kumnunulia gasketi, ule mpira wa kuziba kifuniko. Jioni akafunga koki, akalimwaga tangi kwa mpira hadi bustanini, akafungua kile kifuniko. Gasketi ya zamani ilikuwa imekauka, inavunjika kama biskuti. Akakwangua magamba ya chumvi yaliyoganda kwenye koili, akaweka gasketi mpya, akakaza boliti kwa kupishana, hii kisha ile ya upande wa pili, ili kifuniko kikae sawa. Akajaza tangi bomba la maji moto likiwa wazi, upepo utoke kwanza, ndipo akaruhusu stima iwashwe. Tulioga maji moto. Baba akavaa koti, akasema kesho ataondoka.

Kesho yake hita ikavuja.

Safari hii ilikuwa valvu ya usalama. "Ni presha," baba akasema, akivua koti. Akaeleza kwamba maji ya mgao yakija huja kwa hasira. Aliishughulikia valvu siku kadhaa. Ilipokoma, ikaanza nati ya bomba linaloingiza maji. Ilipokauka hiyo, ikaanza ya bomba linalotoa. Uvujaji ulizunguka lile tangi kama kuku anayetafuta pa kutagia, na kila ulipohama baba alisema ni presha, nasi tukaitikia. Tukarudia kuoga maji ya sufuria. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wetu alikuwa amejipa jembe mwenyewe, na lilikuwa spana.

Lazima niseme nilifurahi. Nilifurahi hata nikaona aibu kumfurahia mtu anayehangaika na mabomba. Alikuwa anakula. Alikunywa uji bakuli zima, akaomba mwingine. Mume wangu akirudi kutoka shuleni alisimama mlangoni na kuuliza, "Baba, hali ya hita?" Naye baba alimpa taarifa kamili, kwa sauti ya mtu wa zamu anayemkabidhi mwenzake. Kabla ya hapo sikuwa nimewasikia wakizungumza zaidi ya mvua. Sasa walizungumza hita, kutoka hita wakafika kiwandani, na kutoka kiwandani wakafika kwa mama, jinsi alivyokuwa akimletea chakula langoni mwa boila na kukataa kuingia kwa sababu ya ule mngurumo. Mimi nilikuwa jikoni nikisikiliza, sahani mkononi.

Kanisani, wageni walipoombwa kusimama, mume wangu alimtambulisha hivi: "Huyu ni baba, amekuja kututengenezea hita." Waumini wakapiga makofi. Jumapili zilizofuata wamama walinisalimu kwa kuuliza, "Hita imepona?" nami nikajibu bado, tuzidi kuomba. Walizidi kuomba.

Siku moja baba alinituma tena Ngara kununua valvu mpya, nikaibeba ile ya zamani kama mfano. Mwenye duka aliipuliza, akaigeuza, akaipuliza tena.

"Madam, hii iko fiti," akasema. "Haijaharibika mahali. Kuna mtu anaichezea."

"Ni presha," nikamwambia.

"Presha haina spana, madam."

Nilirudi mjini kwa miguu nikiwa na valvu mbili nzima kwenye mkoba. Nilipita katikati ya wachuuzi bila kusikia wanauza nini. Niliyapanga mambo kama ninavyopanga faili la mteja: mtu aliyelinda boila ya kiwanda kizima anashindwa na nati moja, uvujaji huanza kila mara baada ya yeye kutaja safari, na nyumbani mchana kuna mtu mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako. Faili kama hilo ningelifunga kabla ya chai ya saa nne.

Asubuhi iliyofuata nilichelewa kwa makusudi. Mlango wa bafu ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Baba alikuwa juu ya ngazi, koti limevaliwa tayari kwa safari, maana jioni alikuwa amefunga valvu mpya na hita ikakauka kabisa. Akatoa spana kwenye mfuko wa koti, imefungwa kwa leso isigonge kitu, akaishika nati, akaizungusha kidogo sana, kwa upole wa mtu anayemfunika mtoto aliyelala. Akangoja. Tone likatokea. Akashuka, akavua koti, akalitundika kwenye msumari. Nilitoka nje kwa ncha za vidole, nikalia njia nzima hadi kituoni.

Jioni nilimweleza mume wangu tukiosha vyombo, baba akiwa sebuleni anasikiliza habari kwa sauti ya juu.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Kuna siku nilipanda nikaikaza ile nati mwenyewe. Nilijisikia fundi kweli. Asubuhi nikaikuta imelegea." Akasuuza kikombe ambacho kilikuwa kimeshasuuzwa. "Nikaiacha. Ni nati yake."

Nilimpenda sana wakati huo, nikamwambia, naye akaniomba nimpe kitambaa cha kukaushia.

Tungeweza kuendelea hivyo mpaka leo kama si mama mwenye nyumba. Ni mwanamke mkarimu wa kutoka kati mwa nchi, mwenye mashamba ya majani chai, na huruma zake hazina breki. Alimwona baba akimwaga karai la maji kwenye maua yake, akauliza, akaambiwa. "Si mngeniambia?" akanifokea. "Mzee wa watu anateseka hivyo kwa hita yangu? Jumamosi naleta mpya." Nilimwambia asijisumbue. Nilimwambia tumeizoea. Nilimwambia maji baridi ni mazuri kwa ngozi. Alinitazama kama mimi ninavyowatazama wateja.

Jumamosi fundi akaja na hita mpya, nyeupe, bado iko kwenye boksi. "Mzee, hii yenu ilikuwa imechoka," akamwambia baba. "Hii sasa utasahau." Baba alimshikia tochi muda wote. Fundi alikaza kila nati hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akaondoka na tangi la zamani begani. Ndipo baba akaomba unga. Alipanda akaunyunyiza kila kiungo, akakaa huko juu na kisahani chake, akisubiri, mpaka nikadhani amesinzia.

"Haivuji," akasema hatimaye. Nimesikia habari za msiba zikitolewa kwa sauti yenye furaha zaidi.

Akafungasha. Hakuwa na vitu vingi. Akavaa koti, akakaa kwenye ncha ya kochi, mkoba magotini, kama siku ile ya kwanza. Angelala lojing'i mjini, apande basi asubuhi. Nilipiga magoti mbele yake, mimi mtu mzima mwenye kazi, nikasema, "Baba, kaa. Tafadhali. Sitaki urudi kwenye yale meko."

"Kazi imeisha, mwanangu," akasema. Macho yake, yale yaliyoletwa kutibiwa, yalikuwa yamejaa maji. "Nitawaambia watu nilibaki nafanya nini?"

Mume wangu alikuwa amesimama karibu na meza, mikono mfukoni. Akasema anakwenda kunawa. Nilikasirika: nyumba inabomoka, yeye ananawa. Tukasikia ngazi ikiburuzwa. Kikafuata kimya, kisha mguno, kisha chuma kikaanguka kwenye sinki. Halafu tukasikia maji. Hayakuwa matone. Yalikuwa yanafoka, yanapiga ukuta, na mume wangu akapiga ukelele ambao sijausikia tena.

Baba alifika bafuni kabla yangu. Mwalimu wa jiografia alikuwa juu ya ngazi, ameikumbatia hita mpya kwa mikono yote miwili, shati limemganda mwilini, maji yanamtiririka kwenye nyusi. Alijaribu kusema, "Baba, nadhani ni presha," lakini maji yakamwingia mdomoni.

Baba alifunga koki. Maji yakapungua, yakakoma. Akaiokota spana kwenye sinki na kuipangusa. Akamtazama mkwe wake kwa muda mrefu, naye mkwe akatazama dari. Kisha baba akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akamkamata mkono ashuke.

"Umelegeza mno," akamwambia taratibu. "Robo ya mzunguko inatosha."