Mpira Uliopotea Chini ya Shuka

Mimi muuza mitumba wa soko la Kibuye siamini nguo mpaka niiinue juani nitafute matundu. Ndiyo maana, mwishoni mwa miaka ya tisini, bwana mmoja alipoweka laptop juu ya gunia karibu na meza yangu, nilimtazama kwa jicho la pembeni. Tangu asubuhi alikuwa akicheza karata ndani yake. Karata hazikimbii. Kwa nini haonyeshi kitu kinachokimbia?

Ningempuuza, ila siku hiyo kaka yangu mdogo alikuwa nami pale mezani. Alikuwa golikipa hodari, mpaka mipira ikaanza kumpita amesimama tu, na timu ikamwacha. Yeye alisema ni uchovu. Nyumbani sote tulijua ni macho, na hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo. Alikuwa amesikia kuna mpira unaochezwa kwenye kompyuta, karibu kabisa na uso, akautamani.

"Mama, graphics ya hii kitu ni moto," muuzaji akasema. "Games zote inabeba."

"Usiniambie. Weka ile ya mpira tuone."

"Battery iko chini kidogo."

"Iko chini na umecheza karata tangu asubuhi?"

Akaiweka shingo upande. Jua lilikuwa kali, kioo hakionekani, basi nikachomoa shuka kwenye mtumba tukajifunika vichwa sote watatu. Wachezaji wakatokea, jezi zinang'aa, nyasi kijani. Picha ilipotulia hivyo, hata mimi nilitaka kuamini. Kaka yangu akaanza kubonyeza. Akafungwa. Akafungwa tena.

"Iko sawa," akasema haraka mno. "Nyaminwa, dada yangu, tuchukue tu."

Namjua huyu. Golikipa aliyefungwa hasifu uwanja. Nikamsukuma kando nikabonyeza mwenyewe. Mpira ukisimama, uko. Ukipigwa, unayeyuka, halafu unauona wavuni. Kama ubovu ulikuwa kwenye kadi ya picha au kwenye kioo, sikujua, na muuzaji hakutaka kujua. Alisema shida ni macho yetu. Hasira zilinipanda, maana hakujua amegusa wapi.

"Hata mimi siuoni," nikamwambia kaka yangu.

Hakufurahi. Alinikazia macho pale gizani. "Ni ukweli ama unanihurumia?"

Hilo liliniuma kuliko uongo wa muuzaji. Sikubishana naye. Nilimwita jirani yangu, mama muuza viatu, aingize kichwa chini ya shuka. Sikumweleza lolote. Nilibonyeza tu, nikamwomba atuonyeshe mpira uko wapi. Akatazama kitambo.

"Mpira gani?" akauliza.

Kaka yangu alicheka mpaka shuka likaanguka, na muuzaji akafunga mashine yake kwa kishindo. Tulirudi mezani kwangu. Kaka yangu akanisaidia kukunja lile shuka, ncha kwa ncha, bado akitabasamu.

"Lakini uwanjani, nyaminwa," akasema, "yalikuwa macho yangu."