Mume Wangu Alikataa Dawa, Sasa Mke Mwenzangu Anashika Tumbo

Mhariri, nakuomba ulifiche jina langu, maana hapa kwetu pande za Ekerenyo gazeti moja husomwa na kijiji kizima. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, mke wa kwanza, na sina mtoto. Mume wangu analima chai na ndizi.

Muda mfupi baada ya kuolewa nilianza kuumwa tumbo la chini, na uchafu wenye harufu ukawa unanitoka. Usiku wa ndoa ukawa adhabu. Mama mkwe alinichemshia mizizi michungu, nikanywa mpaka ulimi ukafa ganzi. Mwishowe nikaenda hospitali Kisii. Daktari, mama mtu mzima, alinipima akasema ni maambukizi kwenye kizazi na yanatibika, lakini akanipa dawa za watu wawili.

"Hizi ni za mzee wako. Asipokunywa, utarudi hapa."

Mume wangu aliviangalia vile vidonge akacheka. "Mimi nabeba majani chai mpaka kituoni, nani amekuambia niko mgonjwa? Hiyo ni dawa ya wanawake." Nikamsihi twende pamoja aelezwe. "Nikae kwa benchi na wanawake wajawazito? Watu wa kanisa wakiniona nitasema nini?"

Basi nikafanya ujinga. Nilimeza zangu, kisha nikameza na zake, nikidhani nitapona kwa niaba yake. Nilipata nafuu kidogo, maumivu yakarudi. Nikapewa dawa tena, naye akakataa tena. Daktari alipojua nilichokuwa nikifanya aligonga meza. "Hata ukimeza debe zima! Wewe unapanguza sakafu na mfereji umeuacha wazi."

Baadaye nilipigwa picha ya mirija ya uzazi. Yote miwili imeziba. Nilimweleza mume wangu nikilia, naye akajibu, "Basi imejulikana ni wewe," akaenda zake shambani.

Mama mkwe hakungoja. Alimletea msichana kutoka pande za Sironga, wa miaka kumi na tisa, mpole, bado anacheka ovyo. Na yule mwanaume aliyeogopa kuonekana kwenye benchi la kliniki hakuogopa kufutwa kanisani kwa kuoa wa pili. Mwanamke asiye na mtoto huku kwetu hana kikao cha kusemea.

Sasa majuzi tulikuwa tunachuma chai, huyu binti akachuchumaa ghafla, mikono tumboni. Akaniambia kwa aibu, "Dada, huku chini kunanichoma, na kuna uchafu unanitoka. Mama mkwe amesema nisikuambie, ati wewe ndiye umenifanyia kitu."

Nilimfuata mume wangu jioni hiyo hiyo. Nikamwambia twende hospitali sote watatu kabla mtoto wa watu hajaharibika. Akasimama. "Ukimwambia huyo msichana neno moja, utarudi kwenu." Kwetu ni wapi? Wazazi wangu wamekufa, na ndugu zangu wamegawana shamba lote. Na nikimwambia, nani ataniamini? Watasema tasa ameona wivu. Tena dawa atakazopewa peke yake zitamsaidia nini, kama huyu mwanaume hamezi zake?

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linaloninyima usingizi. Siku nyingine nikimwona huyu binti ameinama kwa maumivu, moyo wangu unafurahi. Nasema moyoni, hata yeye hatazaa. Kisha naingia jikoni nalia, kwa sababu yule binti hajanikosea kitu, na bado ananiita dada.

Nyinyi akina mama mnaosoma ukurasa huu, nishaurini. Nifukuzwe, au ninyamaze nimwone akiziba kama mimi? Msiniambie tu niombe. Nimeomba. Na msikawie kujibu, kwani leo asubuhi binti ameshindwa kuinuka kitandani.