Kidawa Atafuta Mlango wa Baridi

Mwishoni mwa mwezi wa tano, Kidawa aliliona pazia lake likitikisika ilhali dirisha limefungwa. Alilishika, likatulia. Alipoliachia, likatikisika tena. Alikuwa amelishona mwenyewe, maana ushonaji wa mapazia ndio kazi iliyomweka Johannesburg miaka tisa, na kitambaa kilikuwa kizito. Kukisukuma kulitaka upepo wa haja.

Yeye na mumewe, Ameir, walikuwa wamehama Hillbrow miezi miwili nyuma. Kule walikaa ghorofa ya saba, majirani juu, chini na ubavuni, na majiko ya watu yakawapasha joto bila wao kujua. Sasa walipanga chumba kikubwa katika nyumba kuukuu ya Turffontein, sakafu ya mbao, dari huko juu. Asubuhi wakiongea, pumzi zao zilionekana.

"Baridi ya huku ndivyo ilivyo," alisema Ameir, akivaa soksi juu ya soksi. "Nunua blanketi jingine, yaishe."

"Blanketi nitanunua. Lakini baridi si jini, bwana, haipenyi ukuta. Ina pahala inapita, na mie nataka nipaone."

Ameir alicheka, akaenda zake dukani kwake kuuza vipuri vya magari.

Kidawa akawasha kijiti cha udi. Alikuwa amegundua zamani kwamba moshi wa udi hausemi uongo: penye utulivu hupanda wima, penye upepo huinama. Akakipitisha polepole kwenye fremu ya dirisha. Moshi ukamrudia usoni. Hapo akabandika utepe wa sponji. Chini ya mlango moshi ukatawanyika kabisa. Akashona mfuko mrefu mwembamba, akaushindilia mabaki ya vitambaa, akaulaza kizingitini.

Ndipo alipofika kwenye kabati la nguo, na moshi ukafanya kitu ambacho hakukitarajia. Haukumrudia. Ulijipinda, ukaingia nyuma ya kabati kama uzi unaovutwa na cherehani.

Alirudia mara tatu. Kisha akamwita jirani wa chumba cha pili, Mama Murielle, Mkongo wa Lubumbashi aliyekuwa akisuka nywele sebuleni.

"Mama Murielle, njoo uone. Kwingine kote upepo unaingia. Hapa unatoka."

"Eish, dada, hii moshi inaenda wapi sasa?"

Wakasukuma kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa ukuta tu, umepakwa rangi ileile ya maziwa. Mama Murielle akagonga. Pakalia kama ngoma.

"Hapa hakuna tofali," alisema. "Ni mbao."

Kidawa akampigia simu mwenye nyumba, naye akasema tangu ainunue hajui kilichopo nyuma ya ubao huo. Wafungue, ila wasivunje. Jioni ile Ameir hakuwa hata amevua koti alipokabidhiwa bisibisi. Skrubu zilikuwa sita. Ubao ulipotoka, masizi yalimwagika sakafuni, na mbele yao pakawa na pango dogo la kuwashia moto, limezungushiwa vigae vya kijani vyenye maua. Juu yake dohani, njia ya kutolea moshi, ilipanda gizani.

Kidawa akapiga magoti. Akasahau baridi. Nani alikaa hapa akiota moto? Nani aliyeona vigae vizuri namna hii, akavifunika?

"Basi tuwashe!" alisema Ameir, uso umemng'aa. "Kuni zinauzwa pale kona."

"Ngoja kwanza." Alichukua kioo chake cha mkononi, akakiinamisha ndani, akamulika kwa tochi ya simu. Kiooni akaona vijiti, manyoya na matambara, vimesongamana juu kule, pamebaki mwanya wa kupitisha ngumi. "Ndege wamejenga. Tukiwasha, moshi utarudi kwetu."

"Usijaribu, Baba," Mama Murielle, aliyekuwa amesimama mlangoni akitazama, akamwambia Ameir. "Ule mwaka tuliokaa kule mjini, watu wawili walifunga dirisha, wakalala na mkaa chumbani. Hawakuamka."

Ameir akaweka bisibisi chini.

Sasa Kidawa akaelewa. Hewa yao yenye joto ilikuwa ikipanda kwenye ule mwanya usiku kucha, na kila iliyotoka, ya baridi iliingia dirishani na mlangoni kushika nafasi yake. Alikuwa akisaka mwizi anayeingia, kumbe mali ilitokea mlango wa nyuma.

Akashona mto mnene wa duara, wakausukumiza kwenye koo la dohani hadi ukakaza. Akauachia utepe mwekundu ukining'inia chini, ili yeyote atakayekuja asije akawasha moto bila kujua. Ubao hawakuurudisha, kabati likahamia ukuta wa pili, vigae vikasuguliwa. Alipowasha kijiti kingine, moshi ulisimama wima.

Chumba hakikugeuka Pemba, kwao kwenye joto. Mwezi wa sita maji ya ndoo uani yaliganda, na Kidawa alivaa sweta ndani. Lakini pumzi zao hazikuonekana tena asubuhi.

Jumapili moja, Mama Murielle alimwachia Kidawa ufunguo wa chumba chake; aliporudi kutoka kanisani, alimkuta humo amepanda kiti, kijiti mkononi.

"Dada, huko juu unaangalia nini?"

"Njoo," alisema Kidawa, hakugeuka. "Moshi wako unaingia kwenye tundu la taa. Hivi juu ya dari hii kuna nini?"