Gundi Inayotaka Jua

Mtaani walimwita Randa, na jina lilimkaa. Miaka arobaini alisukuma randa juu ya mbao, akaunda vitanda na makabati ya nusu ya mtaa, na hadi leo ukimwambia kiti chako kinalegalega atakuuliza kwanza ni fundi gani aliyekudanganya. Goti lilipomgomea akastaafu. Ulimi je? Thubutu! Ulimi haukustaafu.

Sasa mtu kama huyo, mkewe akamletea nyumbani meza ya kioo. Ni miaka kumi na mmoja sasa. Mkewe ni mkunga, mwanamke wa maneno machache, na meza ile alijinunulia mwenyewe siku alipopandishwa cheo. Kioo kinene, miguu minne ya chuma, kila mguu umekazwa kwenye kisahani cha chuma kilichogandishwa kwa gundi chini ya kioo. Ubao hata wa dawa hakuna. Randa aliizunguka mara mbili, akauliza, "Hii ni meza au dirisha limeanguka?" Tangu siku hiyo hakuna mgeni aliyenywa chai pale bila kusikia kichekesho hicho, na mkunga akawa kazi yake ni kuwaomba radhi wageni.

Ndiyo maana Jumanne ile, aliporudi kutoka zamu akakuta meza iko dirishani, mguu mmoja umelala sakafuni pamoja na kisahani chake, na mume ameduwaa kando, hakuuliza kulikoni.

"Umefurahi sasa?"

"Mama watoto, haki ya nani tena, ni bahati mbaya."

"Bahati mbaya ina mikono?"

Akaingia jikoni, akapika, akamkaribisha chakula kwa adabu kama anayemkaribisha mkaguzi. Hapo Randa akajua mwenzake ameumia. Mke akigomba, nyumba ina heri; akikuheshimu ghafla, tafuta pa kujificha. Walikuwa wameishi pamoja miaka thelathini na minne bila yeye kumdhania mumewe ubaya, na leo anamdhania. Angeweza kujitetea, maana maneno alikuwa nayo. Kiburi tu ndicho kilichoyakwamisha kooni, nakwambia. Akaona heri aitengeneze meza isimame tena, labda ataaminiwa bila kusema kitu.

Alianza na kile kichupa kidogo cha gundi kali, ile inayogandisha vidole kabla ya kugandisha kitu kingine. Ikashika siku moja. Mkunga alipotua sinia la chai, mguu ukaachia, vikombe viwili vikapasuka. Akaokota vigae bila neno, na Randa akatamani angetukanwa.

Kesho yake akajikokota hadi kwa Almasi, binti anayekata vioo mtaa wa pili.

"Hiyo gundi kali haina subira, mzee wangu," Almasi akamwambia. "Kitu kikiguswa kidogo tu, inakatika."

"Na ile ya mirija miwili, ya kuchanganya?"

"Inashika, ila baadaye inageuka manjano. Na kioo hakifichi kitu, utaiona kila ukinywa chai."

"Silikoni?"

"Inabaki laini kama ufizi. Mguu utakuwa unacheza." Akamtolea kichupa cheusi. "Yako ni hii. Kwangua gundi yote ya zamani kwa wembe, futa kioo na chuma kwa spiriti, usiguse tena kwa kidole, tia tone moja, halafu..."

"Mwanangu," Randa akamkata, "gundi nilikuwa naichemsha kabla hujaota meno." Akabeba kichupa chake, huyo, akaenda zake.

Alikwangua, akafuta, akatia tone moja. Hapo hakukosea. Lakini muulize seremala yeyote wa zamani: gundi haianikwi juani! Jua huikausha juu ikabaki mbichi ndani. Gundi inataka kivuli, uzito na subira. Basi akaiingiza meza stoo, miguu juu, akaifunika gunia zito, na juu ya kisahani akaweka nyundo yake kubwa. Siku mbili nzima. Siku ya tatu alipokigusa, kisahani kikateleza kama sabuni.

"Umeniuzia mate!" alifoka mlangoni kwa Almasi.

"Uliiweka wapi?"

"Kivulini, chini ya gunia, kama mtu mwenye akili zake."

Almasi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, gundi hiyo inagandishwa na jua! Mwanga unapita kwenye kioo, unaikuta gundi, dakika chache imeshika. Nilikuwa nakwambia, ukaniletea habari za meno."

Randa akasema, "Asante, fundi." Na neno hilo huwa halitoi ovyo.

Kesho yake saa nne asubuhi alisimamisha kioo uani kwa ukingo wake juu ya blanketi, akakibana kwa viti viwili, uso wa juu wa meza ukatazama jua. Yeye akakaa nyuma yake kwenye kigoda, kisahani amekibonyeza kwa dole gumba, jasho linamtiririka. Mkunga akatoka na beseni la nguo, akamwona mumewe ng'ambo ya kioo. Akatua beseni.

"Nikuulize, na usinizungushe. Siku ile meza ilifikaje dirishani?"

Mficha uchi hazai, na aliyesimama mbele yake ni mkunga.

"Huwa naihamisha," akasema Randa.

"Unaihamisha?"

"Kila Jumanne ukienda zamu. Naisogeza dirishani, nanywa chai yangu hapo. Jua likigonga ule ukingo wa kioo, ukutani zinatokea rangi, nyekundu, kijani, zambarau. Nakaa naziangalia mpaka zipotee. Siku ile goti liliniuma, nikaiburuta badala ya kuiinua, mguu ukanasa kwenye kigae cha sakafu."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile uliyoileta."

"Miaka kumi na mmoja!"

"Ni meza nzuri mno, mke wangu. Nilishaisema vibaya mbele za watu, nikaona aibu kurudi nyuma."

Kicheko kikamtoka mkunga, kikamzidi nguvu, hadi akafuta macho kwa upindo wa nguo. "Na mimi nikakudhania vile. Nisamehe, baba watoto."

"Nisamehe wewe kwanza."

Mkunga akachukua kigoda kingine, akazunguka, akakaa naye nyuma ya kioo, bega kwa bega. Akakichungulia kisahani kwa jicho la mtu aliyezoea kukagua.

"Hii imeshashika zamani. Toa kidole."

"Najua," akasema Randa, na hakukitoa.

Mkunga akaweka kidole chake juu ya cha mumewe, akabonyeza.