Arbab wa Arizona

Tangu Harrison ahame, kitanda cha juu hakina sauti. Hakuna tena kidole gumba kinachogonga simu wakati wa chai, wala mtu wa kucheka peke yake kwa sababu sherifu wake ametumbukia kwenye pipa la maji. Chumba chetu cha Karama kimetulia. Nilikuwa nimeutamani sana utulivu huu.

Harrison Mudanya, mlinzi kutoka Kakamega, aliandika hadithi za kauboi. Kwa miaka minne alimaliza thelathini na tisa, akizituma kwenye kundi la WhatsApp la walinzi na wafanya usafi, nao wakazisoma ndani ya basi la kampuni. Mimi, mwenye shahada ya fasihi, nilikuwa na riwaya moja. Sura ya tatu, mwaka wa saba.

"Profesa," aliniambia Ijumaa moja akifunga mkanda, "ya arobaini hii. Ipitishe macho, kisha irushe kwa kundi. Mimi naingia kazini."

Nikaisoma; zilizotangulia sikuwa nimezisoma. Mwenye ranchi aliitwa arbab, kama tunavyowaita mabosi wetu Waarabu hapa ughaibuni, na alikuwa amezifungia pasipoti za kauboi wake sandukuni. Kauboi mwenye pasipoti. Nilicheka, halafu nikaona kwamba mimi nisingeweza kulibuni jambo hilo hata kwa miaka saba mingine. Arbab nikamgeuza "mwenye ng'ombe". Pasipoti nikazifuta. Nikairusha.

Sauti ya Damaris, anayefanya usafi hotelini, ndiyo iliyoingia kwanza: "Harrison, arbab wetu wa hadithi iliyopita umempeleka wapi? Huyu mwenye ng'ombe ni nani, daktari wa mifugo?" Wenzake wakacheka. Wengine wakasema wameiacha katikati.

Jioni Harrison alikaa kitandani kwangu, hata viatu hajavua.

"Kumbe nilikosea, Profesa?"

"Arizona hakuna arbab."

"Wewe umefika?"

"Sijafika."

"Hata mimi. Hata Damaris. Lakini tangu hadithi iliyopita wote walikuwa wanangoja zile pasipoti zitoke sandukuni."

Nilitaka kumwambia ni wivu. Nikamwambia ni sarufi.

"Khalas, yameisha," akasema, akaituma upya jinsi alivyoiandika. Hakunipa nyingine kuisoma, na mwezi uliofuata akafunga mizigo.

Ya arobaini na sita imetoka juzi kwenye kundi. Harrison anakaa mtaa wa Discovery Gardens na Waganda wawili, na analinda lango la ghala huko Jebel Ali, zamu ya asubuhi.