Barabara Iliyokatazwa Kukanyagwa

Siku yangu ya kwanza kazini, katika maabara ya udongo na vifaa vya barabara huko bara, nilikabidhiwa nyundo. Msimamizi wa maabara alinionyesha fimbo ya chuma yenye ncha, akasema, "Iangushe nyundo juu ya fimbo hii, kila pigo usome imezama kiasi gani. Ikizama upesi, barabara ni dhaifu." Sikuwa na shahada. Mengine nilijisomea mwenyewe katika miongozo ya usanifu ambayo wahandisi walikuwa wakiiacha mezani.

Nilipita vituo kadhaa kabla ya kuhamishiwa Mafia, chini ya Mhandisi Mtafiti Mwandamizi, mwanamke mkali kwa kazi na mpole kwa watu. Sijapata bosi aliyenifundisha zaidi. Swali lake lilikuwa moja. Kisiwa hiki hakina mwamba mgumu. Kokoto huletwa kwa chombo kutoka bara, na gharama yake huifanya mipango mingi iishie kwenye karatasi. Je, mawe laini ya matumbawe yanayochimbwa hapa hapa, yakichanganywa na saruji kidogo, yanaweza kuwa tabaka la msingi, yaani lile linalobeba uzito chini ya lami? Yakiweza, barabara ya kwenda Ras Mkumbi itajengeka. Yasipoweza, watu wa kaskazini wataendelea kusukuma magari mchangani.

Tulijenga kipande cha majaribio pale Baleni, tukakiacha ili malori ya nazi yakipite masika nzima. Mvua zilipokatika tulirudi. Kipande kilikuwa safi kama siku tuliyokikabidhi. Niligonga fimbo kwenye njia ya magurudumu, kisha pembeni pasipopita gari. Ilizama sawasawa kote. Nilifurahi, lakini Mhandisi hakufurahi.

"Fundi, lori lenye mzigo huacha alama, japo ndogo. Hapa hapajapita kitu."

Tulizunguka nyuma ya minazi. Tulikuta njia nyingine shambani, sambamba na yetu, tairi zimeichimba hadi magotini. Tulipokuwa tunaitazama, akatujia Bi Mwanahawa, mwenyekiti wa kitongoji, ufagio mkononi.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa," alisema Mhandisi. "Malori yanapita huku?"

"Marahaba, mwanangu. Yapite wapi tena? Kule tumeweka magogo. Dereva mmoja alijitia kichwa kigumu, tukamrudisha kinyumenyume mpaka dukani!" Akacheka. "Si mlisema mtakuja kutazama kama imepona? Basi imepona. Hata baiskeli tunazikokota pembeni."

"Mama, tuliijenga ili ikanyagwe."

"Iharibike?"

"Kama ni ya kuharibika, iharibike tuione."

"Haya makubwa! Nani anashona kanzu ya Idi akaenda kulimia?"

Watu walikusanyika, wakacheka, kisha kicheko kikaisha Mhandisi alipowaeleza kwamba vipimo vile havifai na itabidi tungoje masika nyingine. Maana yake kila mtu aliielewa: barabara yao ingekosa nafasi katika mpango wa mwaka ule. Makao makuu nako, Mkurugenzi wa Mipango alikuwa amekwisha kupiga simu akitaka ripoti haraka.

"Andika tu imepona," alisema Bi Mwanahawa kwa sauti ya chini. "Nani atajua?"

"Mvua itajua. Lami ikifika Ras Mkumbi halafu ikamong'onyoka, hakuna atakayetuletea nyingine."

"Kwa hiyo tumefagia bure?"

"Mmefagia vizuri mno, mama. Hilo ndilo tatizo letu."

Magogo aliyaondoa Bi Mwanahawa mwenyewe, akisaidiwa na majirani zake. Lori la kwanza lilipopanda, nazi zimejaa pomoni, alijifunika uso kwa kanga.

"Polepole wewe!" alimkemea dereva.

"Usimwambie polepole," Mhandisi alimsihi. "Apite kama anavyopita siku zote."

Mpango wa mwaka ule ulitupita kweli, na Mhandisi alilaumiwa na wakubwa wake. Nilikuwa karibu naye, nilisikia. Hakumtupia lawama mwanakijiji hata mmoja. Masika iliyofuata, ncha ya kusini ya kipande ilibomoka, pale mchanga ulipoziba mtaro na maji yakasimama. Sehemu iliyobaki ilibonyea kidogo tu, ikastahimili. Tukajua kwamba adui wa matumbawe ni maji yaliyotuama zaidi kuliko uzito wa lori. Picha ya ncha iliyobomoka Mhandisi aliiweka ukurasa wa kwanza wa ripoti. Kutokana na picha hiyo usanifu ulibadilika: tuta la udongo linalobeba barabara likainuliwa, mitaro ikapanuliwa, na barabara ikapitishwa.

Nimestaafu sasa. Vijana wa fani hii wanaokuja kisiwani huniuliza ni kazi gani ninayojivunia, nami huwapeleka Baleni, kwenye ile ncha ya kusini. Hutazama chini na hawaoni kitu, kwa kuwa lami imekwisha kupafunika. Ninapoanza kuwaeleza, lori la nazi hutokea kaskazini likiwa kasi, nasi husogea pembeni lipite.