Ndoo Sita Mlangoni

Nilipopangiwa kufundisha Kibondo mwaka 2012, nikitokea Tanga, jambo la kwanza lililonifurahisha lilikuwa maji. Bomba halikuwepo, chemchemi ilikuwa chini bondeni, lakini kila nikirudi nyumbani mchana nilikuta pipa langu limejaa. Wasichana wa darasa la saba walituchotea walimu kwa zamu. Ukiwatuma walijibu "ego", yaani ndiyo kwa Kiha, na mimi nikaona wameridhika. Wenzangu waliniambia ndivyo ilivyokuwa siku zote. Sikuuliza zaidi.

Mwaka uliofuata nikapewa kazi ya kuandika orodha ya zamu. Niliipigia mistari kwa rula, nikaibandika ofisini: wasichana sita kila siku, mara baada ya namba, yaani kuhesabiwa mstarini asubuhi. Kipindi cha kwanza kilikuwa hisabati, na mwalimu wa hisabati nilikuwa mimi. Utashangaa kwamba sikuona. Mimi mwenyewe nashangaa mpaka leo. Nilikuwa naangalia madawati matupu nikijisemea, hao wako kwenye maji, watanakili baadaye.

Siku moja nilirudisha jaribio la hesabu za sehemu, nusu na robo. Wasichana walikuwa wamefeli karibu wote. Nina mdomo, najijua. Niliwasema kwamba wanawaza kuolewa, kwamba akili zao ziko kwenye miziki ya redioni. Ndipo msichana mmoja wa dawati la nyuma, mdogo wa umbo, ambaye sikuwahi kumsikia akiongea bila kuulizwa, akasimama. Aliangalia chini, kama watoto wa kule wanavyofanya mbele ya mkubwa, lakini alisema.

"Madamu, sehemu ulizifundisha Jumatano. Jumatano nilikuwa nakuchotea maji."

Nilimwambia akae, akakaa. Nilikasirika sana, kwa sababu alisema kweli.

Kesho yake baada ya namba hakuna aliyekwenda bondeni. Mlangoni pa darasa palikuwa na ndoo sita tupu, zimefudikizwa kwa mstari. Ndani wasichana wote walikuwa wamekaa, madaftari wazi, na wavulana walikuwa wamewapisha madawati ya mbele.

Mwalimu mkuu alifika kabla yangu. "Nani amewatuma?" aliuliza. Hakuamini kwamba watoto wangeweza kuwaza jambo kama lile peke yao.

"Hakuna, mwalimu," alijibu yule msichana. "Mimi ndiye niliyewaambia wenzangu."

Akaamriwa apige magoti nje kwenye changarawe. Mchana angerudishwa nyumbani, na asingepokelewa tena mpaka mzazi aje amtaje mtu mzima aliyekuwa nyuma yake. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki chache. Niliwajua wasichana waliorudishwa nyumbani namna hiyo, wakakabidhiwa jembe, na shule ikaishia hapo.

Nilipaswa kusema neno. Sikusema. Niliogopa, na niliona aibu kwamba naogopa. Niliingia darasani nikaanza kufundisha sehemu upya. Nikaandika swali ubaoni, nikauliza nani anaweza. Ilinyooka mikono michache. Kisha darasa zima likageukia dirishani.

Nje, chini ya dirisha, palikuwa na mkono umenyooshwa. Yeye mwenyewe sikumwona, niliuona mkono tu.

Nikamwita. Akajibu huko huko alikopiga magoti, na jibu lilikuwa sahihi.

Nilitoka nikamwinua, nikampangusa changarawe magotini, nikamwambia aingie. Kisha nikaenda ofisini, nikaibandua orodha ukutani, nikamwambia mwalimu mkuu kwamba mwandiko ule ni wangu, na kama kuna wa kupiga magoti basi ni mimi. Tulibishana hadi madarasa ya jirani yakanyamaza kutusikiliza. Mwisho alichoka.

"Sasa maji utapata wapi?"

"Nitachota."

Msichana hakurudishwa nyumbani. Nami nilichota. Mteremko ule ni mkali, na kupanda na ndoo kichwani nilipumzika mara nne. Akina mama chemchemini walinicheka, halafu mmoja akanisokotea ngata ya majani makavu ya mgomba, akaniwekea kichwani. Hapo ndipo nilipojua kwamba safari moja inamaliza kipindi kizima, na kwamba kwa mwaka mzima wale watoto walikuwa wakinilipia maji kwa kipindi changu mwenyewe.

Siku ya tatu nilichelewa. Nilifika darasani mabega yamelowa, nikitafuta maneno ya kuomba radhi. Yule msichana alikuwa ubaoni, chaki mkononi, akiwaelekeza wenzake sehemu. Aliponiona akasita, akaangalia chini.

"Pole na maji, Madamu," alisema. "Tumeshaanza."

Nilimwambia aendelee. Nikaenda kukaa nyuma, kwenye dawati lake.